Rosemary Karuga, Mwalimu Aliyefanya Picha kwa Karatasi za Sabuni

Katika vijiji vyetu vya kando ya Ziwa Nyanza, mtu akifanya kazi ya mikono huulizwa kwanza, Yafaa nini? Seremala akileta kiti, watu hukikalia. Mfinyanzi akileta chungu, watu hukigonga kwa kidole wasikie mlio wake. Msuka nyavu akileta wavu, wavuvi huuvuta matundu yake mmoja huku na mwingine huku. Lakini mtu akileta picha, wengi hutabasamu kama waonao mchezo wa mtoto, kisha hurudi katika mazungumzo yao. Kwa hiyo tumeona vema kuipima hapa kazi ya mwanamke mmoja wa nchi jirani, aliyekuwa mwalimu wa shule kama sisi, akafanya picha kwa karatasi zilizokwisha kutupwa, na picha hizo zikavuka bahari. Hatutaki kumsifu kwa kuwa ni mwanamke, wala kumhurumia kwa kuwa hakuwa na fedha. Twataka kujua kama kazi yake ni njema, na ikiwa ni njema, ni kwa sababu gani.

Yatupasa kwanza kwenda mbali kidogo, hata Ufaransa, maana huko liko jambo litakalotusaidia kumfahamu. Mwaka 1874, katika mji wa Paris, wachoraji wapatao 30 walifanya maonyesho yao wenyewe, kwa kuwa wakubwa wa sanaa walikuwa mara nyingi wakizikataa picha za watu wa namna yao. Mwandishi mmoja wa gazeti alikwenda kuzitazama, akawadhihaki kwa jina alilolitoa katika picha ya Claude Monet, iliyoonyesha bandari ya Le Havre wakati wa mapambazuko. Akawaita Waimpresioni, yaani watu wachorao jinsi kitu kilivyoligusa jicho kwa mara moja, kabla akili haijakaa chini kukipanga. Baadaye jina hilo la dhihaka likawa jina la heshima.

Kunga yao si ngumu kuifahamu kwa mtu aliyezaliwa kando ya maji. Simama asubuhi juu ya mawe ya Mwanza, ulitazame ziwa. Utaona ya kuwa maji hayana rangi moja: hapa ni ya majivu, pale ni ya dhahabu, chini ya mtumbwi ni meusi, na baada ya nusu saa yote yamebadilika. Wachoraji wale walitaka kuishika saa ile kabla haijapita. Basi hawakuzilainisha rangi mpaka ziwe kama kioo, bali waliweka doa kando ya doa. Mtu akisimama karibu huona madoa tu. Akirudi nyuma hatua chache, jicho lake mwenyewe huyaunganisha, naye huona maji, au mti, au uso wa mtu.

Katika maonyesho yale alikuwamo mwanamke mmoja, jina lake Berthe Morisot, aliyezaliwa mwaka 1841. Alijifunza kuchora pamoja na dada yake Edma kwa walimu wa faragha, maana shule kubwa ya sanaa ya serikali huko Paris haikuwapokea wanawake mpaka mwaka 1897. Ndugu hao wawili walikuwa hodari wote. Lakini Edma alipoolewa mwaka 1869 aliiweka brashi chini, na Berthe akaendelea. Mwaka 1872 alimchora Edma huyo huyo ameketi kando ya susu ya mtoto, akimtazama bintiye aliyelala nyuma ya chandarua chembamba. Picha ile yajulikana leo duniani pote. Berthe naye aliolewa, akapata binti mwaka 1878; na katika maonyesho manane ya Waimpresioni alikosa moja tu, lile la mwaka 1879, baada ya kujifungua. Alikufa mwaka 1895, umri wake miaka 54. Na katika hati ya kifo chake karani aliandika ya kwamba marehemu hakuwa na kazi.

Neno hilo la karani tunaomba msomaji alishike, maana tutalirudia. Mwanamke alifanya kazi miaka 30 na zaidi, picha zake zikatazamwa na watu wengi, na mtu mwenye kalamu ya serikali akaandika kwamba hana kazi. Hatudhani karani alikuwa mtu mbaya. Aliandika alivyozoea kuandika kila alipoletewa habari ya mwanamke aliyeolewa.

Sasa turudi katika nchi zetu. Rosemary Namuli Karuga alizaliwa Meru, katika Kenya, mwaka 1928. Baba yake alikuwa mtu wa Uganda na mama yake mtu wa Kenya. Mwaka 1950 aliingia Makerere, ng'ambo ya ziwa hili letu. Wazee wetu walilijua sana jina la Makerere, kwa kuwa zamani zile kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu alivuka ziwa kwenda huko, na wengine walipanda meli hapa hapa Mwanza. Chuo kilianzishwa mwaka 1922, na wanawake wakaanza kupokewa mwaka 1945. Mafundisho ya sanaa yalianzishwa mwaka 1937 na Bibi Margaret Trowell, mke wa daktari Mwingereza. Yeye hakutaka Waafrika waige picha za Ulaya, bali wachore yale wayajuayo: shamba, soko, mavuno, na habari za Maandiko kama zionekanavyo katika nchi yao. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, ambaye picha zake za mashamba na migomba zimejulikana sana, alitoka katika shule hiyo hiyo.

Katika shule ile Karuga alikuwa mwanamke wa kwanza. Msomaji na afikiri maana ya neno hilo, wa kwanza. Hakuwa na dada wa kumwuliza jinsi ya kukaa, wala wa kumwonyesha kwamba mwanamke aweza kumaliza masomo yale. Alijifunza kuchora, kutia rangi na kufanya sanamu, akamaliza mwaka 1952. Kisha akarudi Kenya, akaolewa, akalea watoto, akafundisha shule. Na kwa muda wa miaka 30 hivi watu hawakusikia habari za mchoraji aitwaye Karuga.

Hapa wasomaji wetu Wakristo huenda wakaikumbuka habari ya yule mtumwa aliyeifukia talanta ya bwana wake ardhini, wakauliza, Je, mama huyu hakufanya vivyo hivyo? Sisi twasema sivyo. Mtumwa yule alifukia kwa hofu na uvivu, akakaa bure. Karuga aliamka kila siku akaenda darasani, akarudi nyumbani akapika, akasahihisha madaftari, akalala amechoka. Kila mwalimu, na hasa mwalimu mwanamke, aijua siku ya namna hiyo. Edma Morisot naye, alipoiacha brashi, hakuwa mvivu. Mzigo ulikuwa mzito, na watu wa kuuinua upande wa pili walikuwa wachache. Tukitaka kulaumu, basi tuulaumu mpango wa maisha ambao humpa binti elimu kwa mkono wa kuume, ukamnyang'anya nafasi ya kuitumia kwa mkono wa kushoto.

Tofauti ya Karuga na Edma ni hii, kwamba Karuga alirudi. Katika miaka ya 1980, alipokwisha kustaafu ualimu, alianza tena. Mwaka 1987 alikwenda kufanya kazi yake Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1965. Mwenye kuiongoza alikuwa Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, naye mwanafunzi wa Makerere, yule aliyechora habari za Bwana Yesu katika kuta za kanisa la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a. Karuga alikuwa na umri wa miaka karibu 60. Wenzake wengi wa umri huo walikuwa wamekwisha kuketi kivulini.

Rangi za mafuta na vitambaa vya kuchorea ni vitu vya bei kubwa, na malipo ya uzeeni ya mwalimu twayajua. Basi alitazama yaliyokuwamo nyumbani mwake. Aliona karatasi za kufungia sabuni ya Rexona, na pakiti za unga, na kurasa za magazeti. Akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa gundi kimoja kando ya kingine, mpaka vikawa wanyama wa nyumbani na wa mwituni, na ndege, na wanawake wa shamba katika kazi zao. Hakupaka rangi juu yake. Rangi yote uionayo katika picha zile ilipigwa kiwandani, ili kuuza sabuni.

Tuipime sasa kunga hii, maana hapo ndipo ulipo ustadi wake. Mchoraji wa rangi, akitaka kijani kilichofifia kidogo, huchanganya kijani na nyeupe mpaka apate. Mwenye kubandika karatasi hawezi kuchanganya. Hana budi kutafuta. Yampasa aijue kila karatasi iliyomo katika kikapu chake kama mama aijuavyo akiba yake ya nafaka: ipi ina wekundu wa kutosha kwa upanga wa jogoo, ipi ina kahawia ya udongo mkavu, ipi ina weupe usio mkali. Tena mkasi hausamehi. Brashi ikikosea hufutwa. Karatasi ikikatwa vibaya imekwisha. Kwa hiyo katika picha zake hakuna mstari wa kusitasita. Manyoya ya ndege hayakuchorwa, yamekatwa. Mgongo wa mnyama una ukingo ulio wazi kama ukingo wa jiwe.

Na hapa ndipo twaona undugu wake na wale Waimpresioni, ingawa hakuwa mmoja wao. Ukiisogelea picha ya Karuga, waona takataka: kipande cha pakiti, herufi iliyokatwa katikati, rangi ya tangazo. Ukirudi nyuma hatua chache, kuku ametoka katika vipande vile, naye asimama kwa miguu yake. Jicho la mtazamaji ndilo limalizalo kazi. Wale Wafaransa walitumia madoa ya rangi, yeye akatumia madoa ya karatasi. Walioona makanisa ya kale yaliyopambwa kwa vijiwe vya rangi ukutani watasema kwamba kunga hii ni ya zamani sana, na ni kweli. Lakini wale wa kale walipewa vijiwe vya thamani na wafalme.

Walakini mpimaji wa haki hasemi sifa tupu. Yako mambo ambayo karatasi haiwezi kuyafanya kama rangi ya maji au ya mafuta. Ukungu unaopanda juu ya ziwa kabla ya jua, au mwanga ule mwembamba ambao Morisot aliutia katika chandarua cha mtoto, si rahisi kuupata kwa vipande vyenye ukingo. Picha za Karuga ziko karibu. Zatuonyesha kitu kilicho mbele yetu uani, si kitu kilicho mbali upeoni. Tena karatasi ya sabuni ilitengenezwa ili idumu mpaka sabuni ifunguliwe. Jua huififiza, unyevu huikunja, mchwa huila. Mwaka 1997 moto uliiteketeza sehemu kubwa ya Paa ya Paa, na mengi yaliyokuwamo yakapotea. Kazi ya namna hii isipotunzwa kwa bidii haitawangojea wajukuu.

Basi sifa yake ilifikaje mbali? Mwaka 1990 nyumba ya makumbusho iitwayo Studio Museum, katika Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, ilifanya maonyesho ya wasanii 9 wa Afrika. Karuga alikuwa mwanamke wa pekee kati yao. El Anatsui wa Ghana, ambaye leo ni maarufu sana kwa mapazia makubwa ayafanyayo kwa vizibo vya chupa, alikuwa mmoja wao. Karuga alifanya pia picha za kitabu cha Amos Tutuola wa Nijeria, kile chenye hadithi ya mlevi wa tembo aliyemfuata mgema wake mpaka mji wa wafu. Ilikuwa kazi iliyomfaa, maana katika hadithi ile viumbe wa ajabu huungwa kwa viungo vilivyookotwa huku na huku, kama zilivyoungwa picha zake.

Lakini twaona kosa katika sifa nyingi alizopewa. Watu wengi wakimtaja huanza na umaskini wake. Husema, Tazameni, mwanamke maskini wa Afrika amefanya picha kwa takataka! Kisha hustaajabu, na kustaajabu kwao kukiisha, hawana neno jingine. Sifa ya namna hii hufanana na ile ya mtu amsifuye mtoto kwa kuwa ametembea. Twauliza: maskini ni wangapi, na karatasi za sabuni zimetupwa nyumba ngapi toka Mombasa hata Bukoba? Umaskini haukukata hata kipande kimoja. Aliyekata ni mwanamke aliyefundishwa kuona miaka 35 kabla ya hapo, akaitunza elimu ile moyoni wakati wote alipokuwa akifundisha watoto wa watu kusoma na kuhesabu. Mwenye kusema kwamba uhitaji ulimfundisha amemnyang'anya mwenyewe kazi yake, sawasawa na karani wa Paris.

Neno la karani halikuishia Paris. Katika madaftari ya shule nyingi pana mahali pa kuandika kazi ya wazazi wa mtoto. Kwa baba huandikwa mvuvi, mkulima, fundi. Kwa mama huandikwa mama wa nyumbani, au huwekwa mstari tu. Naye mama huyo alfajiri amekwenda kuanika dagaa mchangani, adhuhuri yuko shambani katika mihogo, jioni asuka kikapu ambacho kitauzwa sokoni siku ya Jumamosi. Lisiloandikwa husahauliwa, na lililosahauliwa hudhaniwa kwamba halikuwapo. Twaona mfano hapa kwetu. Zamani wacheza nyoka wa Usukuma walichora picha katika kuta za nyumba zao za chama, nyoka na watu na wanyama. Udongo ule ulibomoka na mvua ikauosha. Lakini Hans Cory alikuwa ameandika habari zake, na mwaka 1953 akazitoa katika kitabu, basi twazijua. Mama zetu waliopaka na kupamba kuta za nyumba zao kwa udongo na majivu, ni nani aliyeandika kitabu cha habari zao?

Katika kitabu cha Kutoka, hema ya Bwana ilipojengwa, hawakutajwa mafundi wanaume peke yao. Wametajwa na wanawake waliokuwa na ustadi wa kusokota nyuzi za rangi kwa mikono yao. Aliyeandika habari zile aliona kwamba hema isingesimama bila nguo zake, na kwamba kazi ya nguo ina wenyewe. Sisi tulio Wakristo hatuna udhuru wa kuona pungufu kuliko alivyoona yeye.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu mambo mawili tu. La kwanza ni kwa walimu: somo la kuchora lisiwe saa ya kupumzika kwa mwalimu aliyechoka. Karatasi hazikosekani, maana kila duka la kijiji latupa maboksi na pakiti kila siku. Mkasi mmoja na uji wa muhogo ulioiva vyatosha kuwa mkasi na gundi ya darasa zima. Mtoto akifanya picha ya sato, asiambiwe aige picha ya kitabuni; apelekwe mwaloni akamtazame sato mwenyewe, mgongo wake una rangi ngapi. La pili ni kwa wazazi: binti akionekana kuwa na mkono huo, asiambiwe kwamba ni mchezo utakaokwisha atakapoolewa. Na atakapoolewa, mume wake na akumbuke habari ya Edma, na nafasi itafutwe katika siku, hata iwe ndogo.

Karuga hakupata nafasi hiyo mpaka uzeeni. Twafurahi kwamba aliipata, lakini hatuwezi kujizuia kufikiri juu ya picha za ile miaka 30 ambazo hazikufanywa, na ambazo hakuna nyumba ya makumbusho itakayozionyesha. Katika miaka yake ya mwisho alikwenda kukaa Ireland kwa binti yake, na huko akafa mwezi wa Februari mwaka 2021, umri wake miaka 92. Hatujui karani wa huko aliandika nini. Kama kalamu ingekuwa mkononi mwetu, tungeandika: mwalimu, na mfanya picha.